Wageni na Wenyeji Wao: Hisani Waliyotendewa Wachunguzi wa Kwanza wa Kiswahili, 1844–1891

Utangulizi

Historia ya uchunguzi wa Kiswahili hufundishwa aghalabu kama orodha ya vitabu. Huanzwa na sarufi ya Johann Ludwig Krapf iliyopigwa chapa Tübingen, Ujerumani, mwaka 1850. Hufuata vitabu viwili vya Edward Steere vya mwaka 1870, kimoja cha sarufi na kimoja cha hadithi. Kisha huja kamusi ya Krapf ya mwaka 1882, iliyotoka mtungaji wake akiwa ameshafariki, na mkusanyo wa methali wa William Ernest Taylor wa mwaka 1891. Mwanafunzi huyakariri majina hayo na tarehe hizo, akafanya mtihani wake, akaendelea na mengine.

Orodha hiyo ni sahihi, lakini ina pengo. Watungaji wote watatu walikuwa wageni katika nchi hii. Walishuka pwani wakiwa bado hawajaijua lugha. Kila neno waliloliandika lilitoka kinywani mwa mtu aliyekubali kukaa kitako na mgeni, akamsikiliza, akamsahihisha, na akamvumilia alipokosea tena lile lile. Makala haya yanakusudia kuwaangalia watu hao. Tutauliza maswali mawili: ni akina nani waliowapokea wageni hawa, na kwa nini waliwapokea? Swali la pili ndilo gumu, maana wageni hao hawakuficha shabaha yao. Walikuja kuhubiri dini nyingine, na walioombwa msaada walikuwa wanavyuoni wa Kiislamu.

Dai letu ni kwamba hisani waliyotendewa haikuwa ujinga wala woga, wala haikuwa ule ukarimu wa chakula na malazi tu. Ilikuwa hisani ya elimu, iliyotolewa na watu waliojua vyema wanachokitoa. Tena, waliotangulia kuitoa, Mombasa na Unguja, walikuwa wenyewe wametoka kwingine. Hilo si jambo la sadfa, na lina maana kwa taaluma yetu.

Mgeni na mwenyeji katika mila ya pwani

Yafaa kuanza na maneno yenyewe. Mgeni hutokana na mzizi wa -geni, yaani lisilojulikana, lisilozoeleka. Mwenyeji, kwa upande wake, ni mwenye mji. Kwa hiyo lugha haimweki mwenyeji kuwa mtu mwema wala mkarimu. Inamweka kuwa mtu mwenye mahali, na mgeni kuwa mtu asiye na mahali. Ukarimu ni tendo la kumpa asiye na mahali sehemu ya mahali pako. Ndiyo maana methali zetu juu ya mgeni zina pande mbili. Ipo ile isemayo, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ambayo yamwona mgeni kuwa baraka, pengine hata dawa. Ipo na ile isemayo, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ambayo yamkumbusha kwamba baraka ina muda wake. Wahenga hawakusema kwamba mgeni afukuzwe siku ya tatu. Walisema apewe jembe, yaani aingizwe katika kazi ya mji, awe mmoja wa wenyeji.

Mila hii ni kongwe, na tunao ushahidi wake wa maandishi. Ibn Battuta, msafiri wa Tanja, alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliona vijana wa mji wakitoka kwa mashua ndogo kuilaki jahazi, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimpa mfanyabiashara mmoja sahani yake na kutangaza kwamba huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara huyo alikuwa amekwisha kupata mwenyeji. Akilala kwake, akiuza na kununua kwa mkono wake. Lakini walipoambiwa kwamba Ibn Battuta si mfanyabiashara bali ni mtu wa elimu, mambo yalibadilika. Hakuchukuliwa na vijana wale. Kadhi mwenyewe alimjia ufukoni pamoja na wanafunzi wake, akampeleka kwa mtawala wa mji. Na kadhi huyo hakuwa mzalia wa Mogadishu. Asili yake ilikuwa Misri.

Tukio hilo latufunza mambo mawili. Kwanza, kwamba miji ya mwambao ilikuwa na taratibu mbili za kumpokea mgeni: mgeni wa mali alikuwa wa mfanyabiashara, na mgeni wa elimu alikuwa wa kadhi. Pili, kwamba mtu aliyesimama kumpokea mgeni wa elimu aliweza kuwa mgeni wa jana. Miaka zaidi ya 500 baadaye tutaukuta utaratibu huo huo ukifanya kazi, ijapokuwa dini ya mgeni ni nyingine.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba wenyeji wa pwani hawakujua hatari ya wageni. Mwaka 1498 Malindi ilimpokea Vasco da Gama vizuri, ikampa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Miaka saba tu baadaye, mwaka 1505, Wareno waliushambulia mji wa Mombasa, wakaupora na kuuchoma moto. Na mwaka 1528 ukapigwa na kuchomwa tena. Ngome waliyoianza mwaka 1593 ingali imesimama pale pale ilipojengwa. Mtu wa Mombasa aliyempokea mgeni kutoka Ulaya katika karne ya 19 alikuwa akipita mbele ya kuta hizo kila siku. Yafaa tulikumbuke jambo hilo tunapowapima wenyeji wa Krapf.

Krapf Mombasa, 1844

Krapf alizaliwa mwaka 1810 huko Derendingen, karibu na Tübingen. Alitumwa na shirika la kimisionari la Kiingereza, akafanya kazi Uhabeshi kwa miaka kadhaa mpaka akafungiwa njia. Mwanzoni mwa mwaka 1844 aliwasili Unguja, akafikishwa mbele ya Sayyid Said bin Sultan. Sayyid alimpa barua kwa maliwali wake wa mwambao, akiwaagiza wamtendee mema na kumsaidia popote atakapokwenda, kwa kuwa ni mtu mwema anayetaka kuwaongoza watu kwa Mungu. Mtawala Mwislamu alimwandikia mhubiri wa Kikristo barua ya namna hiyo, wala hakumtaka aache mahubiri yake.

Barua ya mtawala, hata hivyo, hufungua milango ya majumba ya serikali, haifungui mioyo. Mombasa aliyoifikia Krapf ilikuwa mji wenye jeraha. Ni miaka saba tu ilikuwa imepita tangu mwaka 1837, Sayyid Said alipoutwaa mji huo kutoka mikononi mwa Mazrui. Muyaka bin Haji, mshairi aliyezisimulia siasa za mji huo katika mashairi yake, alikuwa amefariki miaka michache tu kabla ya hapo. Mgeni mwenye barua ya Sayyid angaliweza kupokelewa kwa adabu ya nje na kunyimwa kila kitu cha ndani.

Haikuwa hivyo. Mnamo Juni 1844, muda mfupi tu baada ya kuhamia Mombasa, Krapf alianza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliyeketi naye katika kazi hiyo ni Sheikh Ali bin Mohedin, mwanachuoni mwenye asili ya Barawa aliyepata kuwa kadhi wa Mombasa. Tuifikirie hali yenyewe. Krapf alijua Kiarabu, na alikuwa na ujuzi wa lugha za Uhabeshi, lakini Kiswahili alikuwa akikisikia kwa miezi michache tu. Mtu wa namna hiyo hawezi kufasiri. Anaweza kuuliza tu. Mwenye kufasiri alikuwa Sheikh. Krapf alishika kalamu na kuandika kwa herufi za Kirumi yale ambayo Sheikh aliyaona yakubalika katika Kiswahili cha Mombasa.

Julai ya mwaka huo huo mke wa Krapf, Rosine, alijifungua mtoto wa kike. Wote wawili, mama na mtoto, walifariki kwa homa katika mwezi huo, na Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa kitandani. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, mahali ambapo kaburi lao lingali linaonekana. Mgeni huyo alibaki peke yake katika mji ambao hakuwa na ndugu wa damu wala wa dini. Hata hivyo kazi haikukatika. Sura tatu za kwanza za Mwanzo zilipigwa chapa Marekani mwaka 1847, katika jarida la chama cha wataalamu wa mambo ya Mashariki. Hazikutoka bure. Zilitokana na uvumilivu wa mwalimu aliyemwona mwanafunzi wake akipitia msiba na asimwache.

Hisani nyingine aliyopata Krapf ni ya vyuo, yaani vitabu vilivyoandikwa kwa mkono. Mwaka 1854 miswada ya tendi za Kiswahili aliyoipata huku iliwekwa katika maktaba ya chama cha wataalamu wa Mashariki mjini Halle, Ujerumani. Mmoja wao ni ule wa Chuo cha Herekali, yaani Utendi wa Tambuka, uliotungwa na Mwengo bin Athumani wa Pate mwaka 1728. Katika miji ya mwambao chuo hakikuwa bidhaa ya dukani. Kilinakiliwa kwa mkono, kikarithiwa, kikatunzwa pamoja na vitu vya thamani vya nyumba. Kumpa mgeni chuo, au kumruhusu akinakili, ilikuwa ni kumwamini kwa kitu ambacho jirani yako huenda ungemnyima.

Rabai na Ukambani

Wenyeji wa Krapf hawakuwa Waswahili peke yao, wala Waislamu peke yao. Mwaka 1846 wazee wa Rabai walikubali yeye na mwenziwe, Johannes Rebmann, wakae kwao. Na mwaka 1849 Krapf alikwenda hadi Kitui, akapokewa nyumbani kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba ambaye misafara yake ilifika pwani. Ni Kivoi aliyemweleza habari za mlima mkubwa wenye weupe kileleni, na ni akiwa huko ambapo Krapf aliuona kwa macho yake, tarehe 3 Desemba 1849. Jina la mlima aliliandika kama alivyolisikia kwa Wakamba, na kutokana na maandishi yake jina hilo likaenea, hata likawa jina la nchi nzima. Kwa hiyo hata jina Kenya, kwa namna tulivyolipokea katika maandishi, ni tunda la mazungumzo baina ya mgeni na mwenyeji wake.

Safari ya pili ilikuwa na mwisho mchungu. Mwaka 1851 Krapf alirudi kwa Kivoi, wakafuatana kwenda upande wa mto Tana. Njiani walishambuliwa na wanyang'anyi, Kivoi akauawa. Krapf alikimbia peke yake porini. Alipofika mtoni alijaza maji ndani ya mitutu ya bunduki yake, kisha akatembea usiku na kujificha mchana. Aliporejea kwa watu wa Kivoi, baadhi yao walimtia lawamani kwa kifo cha mkubwa wao, akahofia roho yake. Hatimaye alifika Rabai akiwa hai. Kisa hiki chatukumbusha kwamba ukarimu una gharama, na kwamba mara nyingi gharama hiyo humfika mwenyeji, si mgeni. Mgeni alirudi kwao na habari za safari. Mwenyeji hakurudi nyumbani kwake.

Steere Unguja, 1864

Edward Steere aliwasili Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer. Alikuwa amesomea sheria, na alikuwa na akili ya mpangilio. Katika muda wa miaka minne hivi alikusanya na kupanga habari za Kiunguja kwa namna ambayo hakuna aliyemtangulia kuifanya. Vitabu vyake vya mwaka 1870 viliisimamisha lahaja ya Unguja mbele ya ulimwengu wa wasomi.

Ama kuhusu waliomsaidia, Steere mwenyewe ametaja katika dibaji yake jambo la kustaajabisha. Sheikh Abdulaziz alijitolea kuifasiri Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili kilicho bora na safi kabisa. Tulizingatie neno kujitolea. Hakuajiriwa kwa kazi hiyo, wala hakuamrishwa. Alisikia kwamba mgeni anaitafuta lugha njema, akaona haifai apate iliyo duni.

Sheikh huyo ni Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi, naye asili yake ni Barawa kama Sheikh Ali bin Mohedin. Alipata kuwa kadhi wa Kilwa, kisha wa Unguja, na alikuwa miongoni mwa wanavyuoni wakubwa wa zama zake. Alikuwa pia mwalimu wa tarika ya Kadiria. Alifariki mwaka 1896, akiwa Mwislamu thabiti kama alivyokuwa siku aliyokutana na Steere. Msaada wake haukuwa dalili ya kuyumba kwa imani.

Kwa hiyo tuna wanavyuoni wawili, katika miji miwili, wakiachana kwa miaka zaidi ya 20. Wote ni wa Barawa, wote walishika ukadhi, na wote walimfungulia mhubiri wa Kikristo mlango wa Kiswahili fasaha. Barawa ni mji wa wasafiri. Watu wake wana lahaja yao, Chimiini, ambayo si Kimvita wala Kiunguja. Mbarawa aliyehamia Mombasa au Unguja alilazimika kusikiliza kwa makini jinsi wengine wanavyosema, na kujifunza kupambanua neno la hapa na neno la kule. Mtu aliyelelewa katika lahaja moja asiitoke huiona lugha kama hewa, haioni. Aliyehama huiona. Yamkini basi kwamba Sheikh Ali na Sheikh Abdulaziz walifaa kuwa walimu wa wageni kwa sababu walikwisha pitia ugeni wao.

Taylor na Mwalimu Sikujua

Mfano wa tatu ni wa Mombasa tena. William Ernest Taylor alifika huko mwaka 1880, akaishi karibu na watu hata akasifiwa kwa ufundi wake wa Kimvita. Aliyemwongoza zaidi katika ushairi ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890. Nisba yake yaashiria Pate, mji wa tendi.

Mwalimu Sikujua alikusanya mashairi ya Muyaka yaliyokuwa yamebaki vifuani mwa watu, akayaandika. Taylor akayaongezea maelezo, na karatasi zao zikahifadhiwa London. Kutokana nazo William Hichens alitoa diwani ya Muyaka mwaka 1940, na kutokana nazo Mohamed Hassan Abdulaziz aliandika uchunguzi wake uliochapishwa Nairobi mwaka 1979. Hapa hisani imekwenda na kurudi. Mwenyeji alimpa mgeni hazina ya mji, mgeni akaitunza, na wajukuu wa mji wakaikuta salama walipoihitaji. Pasingalikuwa na mikono miwili hiyo, sehemu kubwa ya Muyaka ingalizikwa pamoja na wazee waliomkumbuka.

Kwa nini walisaidia?

Wako watakaosema kwamba wenyeji hawa walifuata nguvu. Kwamba Mzungu alikuwa na balozi nyuma yake na mtawala mbele yake. Hoja hiyo haiwezi kutupwa. Barua ya Sayyid ilikuwa na uzito. Lakini nguvu yaweza kumlazimisha mtu ajibu swali. Haiwezi kumlazimisha alijibu vizuri. Kila aliyefanya utafiti wa lugha nyanjani anajua jinsi msemaji asiyependa kazi anavyoweza kumpa mtafiti nusu ya ukweli na kumwacha aende zake akifurahi. Tena mwaka 1844 utawala wa Waingereza juu ya pwani yetu ulikuwa bado miaka 51. Nguvu haitoshi kuwa jibu.

Sababu ya kwanza iliyo karibu na ukweli ni ya kidini, na imo katika vitabu vilivyochaguliwa. Krapf alianza na Mwanzo, ambacho ni sehemu ya Taurati. Sheikh Abdulaziz alijitolea kwa Zaburi. Taurati na Zaburi ni vitabu ambavyo Mwislamu anaamini kuwa viliteremshwa, mmoja kwa Nabii Musa na mwingine kwa Nabii Daudi. Sheikh aliyeketi kufasiri habari za kuumbwa kwa mbingu na ardhi hakuwa akifasiri maneno ya kigeni kwake. Palikuwa na uwanja ambao wote wawili waliweza kusimama bila ya mmoja kumsujudia mwingine.

Sababu ya pili ni heshima ya elimu. Mwanachuoni wa pwani alizoea kupokea wanafunzi waliotoka mbali, na alizoea naye kusafiri kwenda kwa walimu wa mbali. Mtu aliyekuja na kalamu na maswali alikuwa na mahali pake katika utaratibu huo hata kabla ya kuulizwa dini yake. Alikuwa mgeni wa kadhi.

Sababu ya tatu ni wivu mwema wa lugha. Sheikh Abdulaziz hakutaka Kiswahili kisemwe vibaya katika kitabu. Hapa twaona kwamba mwenyeji hakuwa chombo cha mgeni. Alikuwa na shabaha yake. Alijua kwamba lililoandikwa hubaki, na akataka libaki lililo jema.

Na kwa hakika lilibaki, tena kwa namna ambayo hakuna kati yao aliyeitazamia. Krapf aliandika aliyoyasikia Mombasa, na Steere aliyoyasikia Unguja. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua lahaja ya kusanifishwa, na Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930, Kiunguja kilikuwa na vitabu vilivyokwisha pangwa na kuenea. Zilikuwapo sababu nyingine za uchaguzi huo, za biashara na za utawala. Lakini hatuwezi kupuuza kwamba lahaja aliyoisikia mgeni sebuleni kwa mwenyeji wake ndiyo iliyoingia kitabuni, na iliyoingia kitabuni ndiyo iliyoingia shuleni.

Njia ya kurudi: Mtoro bin Mwinyi Bakari

Je, hisani hii ililipwa pale mwenyeji alipogeuka kuwa mgeni? Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Maandishi yake ndiyo msingi wa kitabu cha desturi za Waswahili alichokitoa Carl Velten mwaka 1903, kitabu ambacho hadi leo hakuna mchunguzi wa mila za mrima anayeweza kukiruka. Mtoro alioa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1905 alipotaka kurudi kwao pamoja na mkewe, serikali ya kikoloni ya Wajerumani ilimzuia kufanya makao naye huku, wakalazimika kurudi Ujerumani. Aliishi huko kwa kufundisha na kutoa mihadhara mpaka alipofariki mwaka 1927.

Tuyaweke mambo mawili haya pamoja. Krapf aliyekuja kubadili dini ya watu alipewa barua ya kuingia, mwalimu wa lugha, na mahali pa kuzika wafu wake. Mtoro, aliyewafundisha Wajerumani lugha na mila za watu wake, alizuiwa kushuka kwao na mke wake. Wahenga walisema, fadhila ya punda ni mateke.

Si kwamba Ulaya haina watu wema. Mwandishi wa makala haya alipokuwa mwanafunzi ng'ambo alipata kufika katika mji asioujua, usiku wa baridi kali, na nyumba aliyoelekezwa ikawa imefungwa. Mama mmoja mzee wa jirani alimfungulia mlango, akampa chai na blanketi, asimwulize ila jina na kama amekula. Wema wa namna hiyo upo, nao hausahauliki. Lakini ulikuwa wema wa mtu mmoja, na mtaa wake haukumdai kuutenda. Pwani ya Sheikh Ali ilikuwa na wema uliokuwa pia desturi, wenye mtu wake na mlango wake: mgeni wa elimu apelekwe kwa kadhi. Wema wa mtu mmoja hufa naye. Ulio desturi mji huurithi. Nao utawala uliomzuia Mtoro ulikuwa umekwisha kuivunja desturi hiyo katika bandari zetu wenyewe, kwa kuwa mwenye mji hakuwa tena ndiye mwenye kuamua nani ashuke.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba nyuma ya kila kitabu katika ile orodha ya kawaida yumo mwenyeji. Yafaa kusema, kwa haki, kwamba wageni wenyewe hawakuwaficha. Krapf alimtaja Sheikh Ali katika habari za safari zake, zilizotoka kwa Kijerumani mwaka 1858 na kwa Kiingereza mwaka 1860. Steere alimshukuru Sheikh Abdulaziz. Majina yamo katika dibaji na kurasa za ndani. Yalichopotea ni njiani kutoka dibaji hadi ubao wa darasa. Hata anwani ya kitabu cha hadithi cha Steere yasema tu kwamba zimesimuliwa na wenyeji wa Unguja, kana kwamba wenyeji ni mtu mmoja asiye na jina.

Kurejesha majina hayo si suala la adabu peke yake. Ni suala la usahihi wa kitaaluma. Mchunguzi anayesoma tafsiri ya Mwanzo ya 1844 na kudhani anasoma Kiswahili cha Krapf atakosea, maana yumo ndani yake Kimvita cha mwanachuoni wa Kibarawa. Anayechukua Zaburi ya Unguja kuwa mwanzo wa nathari ya kimisionari hana budi kuuliza imebeba kiasi gani cha mazoea ya tafsiri za Kiarabu za madrasa. Maswali hayo hayawezi hata kuulizwa iwapo msaidizi hana jina, mji, wala elimu.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba mihadhara ya historia ya Kiswahili iwataje wawili wawili: Krapf na Sheikh Ali bin Mohedin, Steere na Sheikh Abdulaziz al-Amawi, Taylor na Mwalimu Sikujua. Na pale tunapowatuma wanafunzi wetu vijijini na mitaani wakiwa na vinasa sauti, tuwafunze kwamba wanakwenda kuwa wageni, na kwamba anayewafungulia mlango hawajibiki kuufungua. Waandike jina lake mwanzo wa daftari, iwapo ameridhia, kabla ya neno la kwanza watakalolisikia kwake.